Kutoka Basomi hadi Balokole: Usomaji na Usikivu katika Familia ya Kikristo nchini Uganda, 1875–1941

Kabla neno "Mkristo" halijazoeleka katika Buganda, wafuasi wa dini mpya waliitwa basomi, yaani wasomaji. Jina hilo halikuwa la Wakristo peke yao. Waislamu, waliotangulia kufika katika baraza la Kabaka Muteesa I, walihesabiwa pia kuwa wasomaji, na kwa miaka mingi kusoma na kuingia dini vilikuwa kitu kimoja vinywani mwa watu. Hata baadaye, Mganda aliyesema anakwenda kusoma aliweza kuwa na maana ya kwenda ibadani, bila kitabu chochote mkononi.

Historia ya elimu imelichukua jina hili kuwa ushahidi wa kiu ya Waganda ya kujua kusoma na kuandika. Makala haya yanalitazama kwa upande mwingine. Yanadai kwamba usomaji wa basomi ulikuwa kwanza namna ya kusikilizana ndani ya kaya, na kwamba kilichopungua usomaji ulipohamia shuleni si ujuzi wa herufi bali usikivu. Dai hili linawahusu pia wanaopanga leo jinsi Kiswahili kitakavyoenea Uganda. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za kwanza za usomaji wa Kikristo katika baraza la Kabaka, lakini kikaondoka humo bila kupata nafasi katika nyumba za raia.

Kusoma na kusikia

Katika upwa wa Afrika Mashariki kusoma ni kitendo cha sauti. Maulidi husomwa, hitima husomwa, na mtoto wa chuoni husoma Kurani huku mwalimu akimsikiliza na kumrudi anapokosea. Anayesoma ana anayesikia. Ndiyo maana kauli ya kutendea inakikaa vizuri kitenzi hiki: mtu husomewa, na watu husomeana. Kusikia nako ni kitendo kipana kuliko kazi ya sikio. Mswahili husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu. Na mtoto mkaidi husemwa kuwa hasikii, ingawa masikio yake ni mazima. Msikivu ni mwenye kusikiliza na mwenye kutii kwa pamoja. Kiganda kina mwelekeo huohuo: okuwulira ni kusikia na kuhisi, na kutokana nalo limeundwa omuwulize, yaani mtiifu.

Bila shaka maana za maneno peke yake hazithibitishi tabia ya watu. Zinachoweza kufanya ni kumzuia mtafiti asiingize katika karne ya 19 picha ya msomaji wa leo, aliyejitenga na kitabu chake, macho chini, midomo imefungwa. Msomaji wa namna hiyo ni nadra sana katika kumbukumbu za Buganda za wakati huo. Anayeonekana humo ni mtu aliyezungukwa na watu.

Baraza la Kabaka na nyumba za Ssingo

Henry Morton Stanley alipoondoka Buganda mwaka 1875 alimwacha kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyekuwa amesomeshwa Zanzibar na Misheni ya Vyuo Vikuu. Kazi yake ilikuwa kumsomea Kabaka Maandiko, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Muteesa hakuwa mgeni wa jambo hilo. Alikuwa amejifunza hati za Kiarabu kwa Waislamu na kufunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Kiswahili kilikuwa tayari na Injili ya Mathayo iliyotafsiriwa na Edward Steere na kutolewa mwaka 1869, na Agano Jipya likafuata mwaka 1879. Wamisionari wa CMS walifika mwaka 1877, Alexander Mackay akawasili mwaka uliofuata, na Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadre Weupe, walifika mwaka 1879. Wote walikuta mahali ambapo kusomewa ni jambo linaloeleweka.

Hapa linajitokeza tatizo kwa yeyote anayetaka kuandika historia ya usomaji wa familia. Wengi wa wasomaji wa kwanza hawakuwa na familia karibu nao. Walikuwa bagalagala, vijana waliotolewa na koo zao kumtumikia Kabaka, wakilala ikulu na kuongozwa na wakubwa wao wa huko. Vijana hao ndio waliokuwa wengi miongoni mwa mashahidi wa miaka ya 1885 hadi 1887, wakiwamo waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kwa muda mrefu historia ya Kanisa imesimulia habari zao kama habari za ushujaa, na ni haki. Lakini ushujaa huo umefunika jambo lingine la kawaida zaidi, nalo ni jinsi imani ilivyoshika mizizi katika nyumba zilizokuwa mbali na ikulu.

Mfano ulio wazi ni Mityana, katika Ssingo. Matia Mulumba, aliyebatizwa mwaka 1882, alikuwa mtu mzima mwenye cheo chini ya chifu wa Ssingo. Alikuwa ameujaribu Uislamu, akasikiliza mafundisho ya Mackay, kisha akaenda kwa Wakatoliki. Nyumba yake ikawa kituo. Yeye na Luka Banabakintu walikuwa wakifunga safari ya miguu hadi mji mkuu ili kusikia mafundisho, na waliporudi waliwarudia wenzao yale waliyoyasikia. Mwendo huo ni wa zaidi ya kilomita 60. Mtu anayetembea umbali huo akijua kwamba nyumba nzima inamngoja ili aisimulie hasikilizi kama mtu anayesikiliza kwa ajili ya nafsi yake. Anasikia kwa niaba ya wengine. Akisahau sehemu, sehemu hiyo imepotea kwa wote.

Jambo hilo lilipata kipimo chake Mapadre Weupe walipoondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882 na kukaa kusini mwa Ziwa hadi mwaka 1885. Kwa muda wote huo hapakuwa na padre nchini. Waliporudi walikuta waamini wameongezeka badala ya kupungua. Walioendeleza kazi walikuwa watu kama Joseph Mukasa Balikuddembe ndani ya ikulu, Andrea Kaggwa karibu na mji mkuu, na Mulumba kule Ssingo. Katika nyumba hizo vitabu vilikuwa vichache mno. Kilichokuwapo ni katekisimu iliyohifadhiwa moyoni, sala za pamoja, na mtu wa kusahihisha pale mwenzake alipoteleza. Kuhifadhi kwa moyo mara nyingi kumedharauliwa na wataalamu wa elimu kama kukariri tu. Katika Buganda ya miaka ya 1880 ndiko kulikoliwezesha Kanisa kuishi bila kasisi na karibu bila karatasi.

Kitabu kimoja, watu wengi

Upande wa Waanglikana karatasi ilipewa uzito zaidi. Mackay alichapa kurasa za silabi na vifungu vya Maandiko, na kwa kawaida aliyetaka ubatizo alitarajiwa aweze kujisomea Injili, isipokuwa wazee na wasioona. Baada ya mwaka 1890 kazi ya kutafsiri kwa Kiganda ilishika kasi chini ya George Pilkington na Henry Wright Duta, Mganda ambaye mchango wake ulistahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko unavyotajwa. Agano Jipya la Kiganda lilikamilika mwaka 1893 na Biblia nzima mwaka 1896.

Umbo la Biblia hiyo linasema mengi. Ilichapwa nyembamba kwa upana na nene kwa kimo, karibu kama tofali dogo, ili ienee ndani ya kopo la biskuti na kusalimika na mchwa. Kitabu kilitengenezwa kikifikiria nyumba ya udongo na nyasi, na maisha ya kitu ambacho familia inakitoa, inakitumia na kukirudisha mahali pake. Vitabu vilinunuliwa kwa kauri, fedha ya wakati huo, na bei haikuwa ndogo kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo kaya moja ilikuwa na kitabu kimoja, kama ilikuwa nacho.

Kutokana na uhaba huo kulitokea jambo ambalo wageni walilishangaa na kulirekodi mara kwa mara. Waganda wengi walikuwa wanaweza kusoma ukurasa uliogeuzwa juu chini au kulazwa ubavu, kwa sababu walijifunza wakiwa wameketi duara kukizunguka kitabu kimoja. Kila mmoja alizijua herufi kwa pembe aliyokalia. Maelezo haya kwa kawaida hutajwa kama kichekesho, lakini yanastahili kutazamwa kama data. Yanaonyesha kwamba kujifunza herufi na kumsikiliza jirani vilikwenda pamoja. Aliyeketi upande wa juu wa kitabu hakuwa na njia ya kuhakikisha alichokiona ila kwa kusikia sauti ya aliyeketi upande wa chini.

Duara hilo lilivuruga pia vyeo. Kijana aliyejifunza mapema alimfundisha bwana wake, na mtumishi alimsahihisha chifu. Wanawake waliingia humo pia. Wanawake wa CMS walipofika Mengo mwaka 1895 walikuta wanawake Waganda wanaosoma na kuwafundisha wenzao. Hili halikuwa dogo katika jamii ambamo wanawake walikatazwa kula kuku na mayai. Mke aliyesoma sauti yake ilisikika mbele ya mumewe kwa sababu isiyotokana na yeyote kati yao, yaani kwa sababu ukurasa ulisema hivyo. Mwaka 1893 machifu wa Kiprotestanti wapatao 40 walitia sahihi tamko la kuondoa utumwa katika milki zao. Siasa ilikuwamo katika tamko hilo, lakini ni vigumu kulieleza kikamilifu bila kukumbuka kwamba wengi wao walikuwa wamesoma bega kwa bega na watu wa nyumba zao.

Haifai hata hivyo kuipamba picha hii kupita kiasi. Basomi walikuwa pia vyama vya siasa. Vita vya dini vya miaka ya 1888 hadi 1892 viliwafanya Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti kugombea vyeo na ardhi, na mwaka 1892 wasomaji wa Biblia na wasomaji wa katekisimu walipigana Mengo kwa bunduki. Usikivu wa ndani ya ua haukuvuka ua. Na kwa kuwa kusikia ni kutii, baba wa nyumba aliweza kulitumia neno hilohilo kudai utii bila yeye mwenyewe kumsikiliza mtu.

Usomaji unahamia shuleni

Mwanzoni mwa karne ya 20 mahali pa kusomea palibadilika. Shule za bweni zilianzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu na wa tabaka jipya la watawala: Namilyango ya Wakatoliki mwaka 1902, Gayaza ya wasichana mwaka 1905, King's College Budo mwaka 1906. Manufaa yake hayana ubishi. Zilitoa makarani, walimu, waganga na watawala, na kwa wasichana zilifungua njia ambayo hapo awali haikuwapo. Lakini zilibadilisha pia uhusiano wa mtoto na kitabu.

Kwanza, mtoto aliondolewa nyumbani. Kwa maana fulani bweni lilimrudisha mahali alipokuwa mgalagala wa Muteesa: katika nyumba ya mkubwa asiye wa ukoo wake, akijifunza mambo ambayo wazazi wake hawayajui. Tofauti ni kwamba mgalagala aliyesoma alitafuta mtu wa kumsomea, ilhali mwanafunzi alisoma ili apimwe. Pili, kila mtoto alipata kitabu chake, na kila kitabu kikatazama upande mmoja. Ufanisi uliongezeka, duara likavunjika. Tatu, lugha ya kupanda cheo ikawa Kiingereza, ambacho bibi wa nyumbani hakukisikia. Kijana aliyerudi likizo na kitabu cha Kiingereza hakuwa na wa kumsomea. Alisoma kimya.

Nyumbani hakukubaki tupu. Sala za asubuhi na jioni ziliendelea, rozari ilisaliwa, Biblia ilibaki katika kopo lake. Ila usomaji wa familia ulielekea kuwa heshima badala ya kazi. Baba alisoma, wengine walinyamaza, na kunyamaza si lazima kuwe kusikiliza. Kizazi cha pili cha Wakristo wa Buganda kiliurithi Ukristo pamoja na ardhi na cheo, na malalamiko ya viongozi wa Kanisa katika miaka ya 1910 na 1920 kuhusu ubaridi wa imani na kurudi kwa ndoa za wake wengi yanapaswa kusomwa katika mwanga huo.

Uamsho ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa kawaida huelezwa kama vuguvugu la toba. Mwanzo wake, hata hivyo, ulikuwa usomaji. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Simeoni Nsibambi na Joe Church, daktari wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, waliketi siku mbili wakifuatilia pamoja katika Biblia zao mada moja, ile ya Roho Mtakatifu. Mganda na Mwingereza, kila mmoja na kitabu chake, lakini wakisomeana. Kutoka hapo na kutoka Gahini, ambako Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alifanya kazi kabla ya kufariki mwaka 1936, kulienea vikundi vya watu walioitwa balokole, waliookoka.

Kwa mada ya makala haya, jipya la balokole lilikuwa kile kilichofuata baada ya kusoma. Kifungu kikishasomwa, kila mmoja alitarajiwa kusema kilimgusa wapi, na mara nyingi kilimgusa mahali palipomhusu mtu aliyeketi jirani: mke aliyedanganywa, mtumishi aliyedhulumiwa, ndugu aliyesengenywa. Mume aliungama mbele ya mkewe, jambo lililowatia aibu wazee wengi na kuwaudhi maaskofu. Mwaka 1941 wanafunzi kadhaa wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa kufuatia mgogoro uliohusu mikutano yao ya sala ya alfajiri. Kupita kiasi kulikuwapo. Kuungama hadharani kuliweza kugeuka kuwa maonyesho au kumvunjia mtu siri. Lakini kama mbinu ya usomaji, jambo hili lilirudisha duara la miaka ya 1890 katika kizazi kilichokwisha kupita shuleni. Msomaji alipimwa tena na waliomsikia, si na mtahini.

Kiswahili nje ya mlango

Katika hatua zote hizo baada ya mwaka 1890, Kiswahili hakikuwamo. Mackay alikuwa amekiona kuwa lugha ya kuunganisha nchi nyingi. Askofu Alfred Tucker alikipinga, akiamini kwamba kiko karibu mno na Uislamu. Pilkington na Duta walifanya kazi kubwa hivi kwamba Kiganda kikawa lugha ya kitabu, ya sala na ya nyumba kwa pamoja. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala, alikumbana na upinzani wa Kabaka Daudi Chwa na wa maaskofu. Kiswahili kikabaki lugha ya jeshi, polisi na soko. Kwa mwanamke wa kijijini katikati ya karne ya 20 kilikuwa lugha ya mtu anayebisha mlango usiku.

Historia hiyo ndiyo inayozilemea sera za baadaye. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 chini ya Idi Amin, kikaingizwa katika Katiba mwaka 2005 kama lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi haya ya karibuni ni mazuri. Yana dosari moja: yanakipeleka Kiswahili mahali palepale ambapo usomaji ulipoteza wasikilizaji wake. Mtoto atakisoma ili apimwe, atarudi nyumbani, na nyumbani hapatakuwa na wa kumsomea.

Kiganda hakikuwa lugha ya kusomwa kwa agizo la wizara. Kilipata kitabu kimoja ambacho watu walikitaka kwa sababu nje ya lugha yenyewe, na kitabu hicho kilisomwa kwa sauti mahali ambapo baba, mke, mtoto na mtumishi waliweza kusahihishana. Wapangaji wa lugha hawawezi kuunda imani, wala si kazi yao. Wanachoweza kufanya ni kuacha kudhani kwamba kitabu cha kiada ndicho chombo pekee. Vitabu vifupi vilivyoandikwa ili mtoto amsomee mzazi, vyenye mambo ya shamba, afya na habari za ukoo, vingegharimu kidogo kuliko mitihani. Vikundi vya ujirani vya makanisa na misikiti, ambavyo tayari hukutana kila juma kusoma na kuzungumza, vingeweza kuvipokea. Tathmini nayo ingeweza kumwuliza msikilizaji amesikia nini, badala ya kumwuliza msomaji peke yake.

Wala si lazima kuanzia sifuri. Mashariki mwa Kongo Kiswahili kiliingia nyumbani kupitia kazi, soko na ibada kwa pamoja, na familia zilizokimbia vita kutoka huko zimekuja nacho hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali. Huko kuna ibada za Kiswahili na nyimbo za Kiswahili. Kuna pia wazazi wanaosali na watoto wao kwa lugha ambayo walimu wa shule za jirani wanahangaika kuifundisha. Wanaoandaa mitaala Kampala wako umbali wa safari ya siku moja kutoka kwa familia hizo, na kwa gari, si kwa miguu kama Mulumba.